Nyumba na Deni Lake: Dhamira za Gothiki katika Filamu za Taharuki na za Kutisha

0. Utangulizi

Filamu za kutisha hazijapata heshima kubwa mbele ya wahakiki wa sanaa. Mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani ya saa mbili: mtazamaji hulipa, hushtuka, hucheka kwa kuwa ameshtuka, kisha huenda zake. Ukimwuliza ameona nini, atakutajia meno ya Dracula, kisu kilichoinuliwa bafuni au maiti itembeayo. Vitu hivyo vimo, wala hatuvikani. Lakini anayevitazama hivyo peke yake hufanana na mgeni aliyeusifu mlango asiingie ndani. Wahenga wamekwisha kutuonya: nyumba njema si mlango.

Katika makala haya tunakusudia kuingia ndani. Tutachunguza filamu tano ambazo wahakiki wengi huziweka miongoni mwa kazi bora za aina yake: Rebecca (1940) na Psycho (1960) za Alfred Hitchcock, I Walked with a Zombie (1943) ya Jacques Tourneur, Gaslight (1944) ya George Cukor, na The Innocents (1961) ya Jack Clayton. Swali letu ni moja: mambo ya gothiki yaliyomo katika filamu hizo yanahusu nini hasa? Jibu tutakalolitetea ni kwamba kiini cha gothiki si zimwi wala mzuka, bali ni nyumba yenye deni. Mtu fulani alidhulumiwa ili nyumba ipatikane, au ili ibaki mikononi mwa aliyenayo. Dhuluma hiyo ikafichwa. Na kile kinachotembea usiku ni deni linalodai kulipwa. Kwa hiyo kila filamu tutaipima kwa namna inavyolitaja deni lake, na kwa namna inavyolilipa au kulikwepa.

1. Ngome na mnyang'anyi wake

Neno gothiki latokana na jina la Wagothi, watu wa Ulaya ya kale waliopigana na dola la Roma. Baadaye wasomi wa Italia waliyaita hivyo majengo ya Zama za Kati ambayo, kwa maoni yao, yalikuwa ya kishenzi. Jina la dharau likawa jina la mtindo, na kutoka katika ujenzi likaingia katika fasihi. Mwishoni mwa mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya yake The Castle of Otranto, na katika toleo la pili la mwaka 1765 aliiita hadithi ya gothiki.

Inafaa tukumbuke kisa cha riwaya hiyo, maana wengi huitaja bila kuisoma. Manfred ni bwana wa ngome ya Otranto. Siku ya arusi ya mwanawe, kofia kubwa mno ya chuma inaanguka na kumponda kijana huyo. Tangu hapo miujiza inafuatana mpaka siri inafichuka: babu yake Manfred alimlisha sumu mwenye ngome wa haki, akaitwaa mali yake kwa wasia wa uongo. Mwishoni kuta zinabomoka na mrithi wa kweli anajulikana. Basi tangu riwaya ya kwanza, mzuka wa gothiki ni mdai wa mali iliyonyang'anywa.

Waandishi waliofuata hawakuiacha dhamira hiyo. Katika The Mysteries of Udolpho (1794) ya Ann Radcliffe, msichana yatima anafungwa katika ngome na Montoni, mume wa shangazi yake, mtu anayezitamani mali za wanawake hao wawili. Katika Jane Eyre (1847) ya Charlotte Brontë, mlezi maskini anapendana na bwana wa nyumba ya Thornfield, asijue kwamba orofani amefungiwa mke wa kwanza, mwanamke kutoka Jamaica aliyemletea mumewe mahari kubwa. Hapa umbo lote limekamilika: nyumba ya fahari, siri iliyofungiwa chumbani, na mwanamke mgeni asiye na mali anayeingia bila kujua anaingia juu ya nini. Sinema ya Hollywood ilipoanza kutengeneza filamu za taharuki, ililikuta umbo hilo tayari, ikalirithi.

2. Mgeni mlangoni: Rebecca na Gaslight

Rebecca ilikuwa filamu ya kwanza ya Hitchcock nchini Marekani, nayo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1940. Imetokana na riwaya ya Daphne du Maurier iliyotolewa mwaka 1938. Msichana anayefanya kazi ya kumsindikiza tajiri mmoja wa kike anakutana huko Monte Carlo na mjane aitwaye Maxim de Winter. Wanaoana, naye anapelekwa Manderley, nyumba ya ukoo wa mumewe. Huko anakuta kwamba nyumba ina bibi tayari: Rebecca, mke wa kwanza, ambaye amekufa.

Hitchcock alikuwa na njia rahisi ya kumwonyesha marehemu huyo, yaani kumpa mwigizaji mmoja aonekane katika kumbukumbu za wenzake. Hakuifuata. Rebecca haonekani hata mara moja katika filamu nzima. Tunachokiona ni herufi R iliyotariziwa kwenye vitambaa na kuandikwa kwenye daftari, chumba kinachotunzwa kama kwamba mwenyewe yu njiani, na Bibi Danvers, msimamizi wa nyumba, ambaye mara nyingi tunamkuta amekwisha kusimama chumbani bila kumwona akiingia. Kinyume chake, mke wa pili tunamwona karibu katika kila picha, lakini hana jina. Filamu, kama riwaya, haimpi jina lolote isipokuwa lile la mumewe. Hivyo aliye hai hana jina, na aliyekufa hana mwili. Na katika mashindano hayo mwenye jina ndiye anayeitawala nyumba. Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa watazingatia pia kwamba katika riwaya mashua ya Rebecca inaitwa Je Reviens, yaani ninarudi.

Je, deni la Manderley ni lipi? Maxim anakiri katika kibanda cha ufukweni. Siku chache baada ya arusi alitambua kwamba mkewe hakuwa mwaminifu. Hata hivyo, kwa ajili ya heshima ya ukoo, alikubali mapatano: Rebecca ataing'arisha Manderley, naye atanyamaza. Mapatano yalivunjika siku Rebecca alipomdokezea kwamba atazaa mtoto wa mtu mwingine, na kwamba hakuna atakayeweza kuthibitisha kuwa si wa Maxim. Mtoto huyo angeirithi nyumba. Tunarudi, basi, Otranto: ugomvi ni wa urithi. Wakati Maxim anasimulia, kamera inazunguka polepole katika kibanda kitupu, ikifuata nyayo za mtu asiyekuwapo. Ni moja ya picha bora katika sinema ya miaka hiyo, kwa kuwa inamfanya mtazamaji amtafute Rebecca kwa macho yake mwenyewe.

Hata hivyo filamu inapolikaribia deni inarudi nyuma. Katika riwaya Maxim alimpiga mkewe risasi. Kanuni za maadili zilizotawala sinema za Hollywood wakati huo hazikuruhusu mwuaji akae na mke mpya bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu Rebecca anajikwaa, anaanguka na kuumia kichwani. Kosa la mume linageuka kuwa ajali, na lawama yote inabaki kwa mwanamke aliyekufa. Kisha Bibi Danvers anaichoma nyumba, na picha ya mwisho inatuonyesha moto ukiila herufi R. Moto huo unapendeza macho, lakini ukitazamwa vizuri unateketeza ushahidi kuliko unavyolipa deni.

Gaslight ni mnyofu zaidi. Paula, uhusika ulioigizwa na Ingrid Bergman, amerithi nyumba London kutoka kwa shangazi yake aliyeuawa humo. Mumewe Gregory anamshawishi wahamie huko, kisha anaanza kumtia wazimu kidogo kidogo: anaficha vitu na kudai ni yeye aliyevipoteza, anakana sauti anazozisikia. Kila usiku mume akiondoka, mwanga wa taa ya gesi unafifia chumbani, na hatua zinasikika darini. Hakuna mzuka. Gregory mwenyewe ndiye aliyemwua shangazi. Usiku hurudi kwa siri kutafuta vito vya marehemu, na akiwasha gesi ya juu, ya chini hupungua.

Uzuri wa kisa hiki ni kwamba dalili ni ya kweli. Paula hakosei: taa inafifia kweli. Anachonyang'anywa si vito tu, bali haki ya kuyaamini macho yake. Ndiyo maana jina la filamu hii limeingia katika mazungumzo ya kila siku ya Kiingereza kuitia jina hila ya kumfanya mtu aitilie shaka akili yake. Kwa mtazamo wetu Gaslight inathibitisha kwamba gothiki haihitaji mizuka. Inahitaji mnyang'anyi aliyeingia nyumbani kwa jina la ndoa. Nayo inalipa: mwizi anafungwa kamba kwenye kiti, na mrithi wa haki anamhukumu kwa kinywa chake.

3. Hofu ya kungojea na kitisho cha kuona: The Innocents

Kabla ya kuendelea inatupasa kutofautisha dhana mbili, kwa sababu katika Kiswahili neno hofu hutumiwa kwa zote. Ann Radcliffe, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alieleza kwamba iko hofu inayoipanua nafsi na kuziamsha nguvu zake, na kiko kitisho kinachoigandisha. Ya kwanza hutokana na jambo lisilo wazi. Cha pili hutokana na jambo lililofichuliwa lote. Sisi tutaziita hofu ya kungojea na kitisho cha kuona. Hitchcock alisema jambo linalofanana katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut: bomu likilipuka chini ya meza bila watazamaji kujua, wanapata mshtuko wa sekunde 15, wakijulishwa mapema kwamba bomu lipo, wanapata taharuki ya dakika 15.

The Innocents ni kazi ya hofu ya kungojea. Imetokana na hadithi ya Henry James iliyotoka mwaka 1898. Bibi Giddens, anayeigizwa na Deborah Kerr, anaajiriwa kuwalea yatima wawili, Miles na Flora, katika nyumba ya mashambani. Mwajiri wake, ami wa watoto, ana sharti moja: asisumbuliwe kwa lolote. Mlezi anaanza kuwaona Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa bwana, na Bibi Jessel, mlezi aliyemtangulia. Wote wawili wamekufa. Je, wamewarudia watoto, au wamo katika mawazo ya mlezi tu?

Mpiga picha Freddie Francis alipewa skrini pana, ambayo watu wengi waliiona haifai kwa filamu ya siri, kwa sababu huonyesha mengi mno. Alitumia vioo vilivyotiwa giza pembezoni, hata mwanga ukabaki katikati na kingo za picha zikawa nyeusi. Hivyo upana uliopaswa kufichua mambo ukawa ndio maficho. Bibi Jessel anaonekana ng'ambo ya ziwa, katikati ya matete, mchana, amevaa nguo nyeusi, hatikisiki. Hapigi kelele wala hamwendei mtu. Kamera haimkaribii. Baadaye mlezi anamwona darasani akilia. Anapotoweka, linabaki tone la chozi juu ya kibao cha kuandikia. Tone hilo ndilo hoja nzito kuliko zote za filamu hii. Kama mzuka ni ndoto, chozi limetoka wapi? Na kama chozi ni la kweli, kwa nini aliyeliona ni mlezi peke yake?

Wahakiki wamebishana kwa miaka mingi kuhusu mizuka hiyo. Kwa maoni yetu ubishi huo, ingawa una maana, umemwacha mshtakiwa mmoja nje ya mahakama, naye ni ami. Nyumba ni yake kuiangalia, watoto ni jamaa yake, fedha ni zake. Naye aliwaachia watumishi kila kitu ili asipoteze starehe zake London. Katika hadithi ya James, Quint alikuwa akivaa nguo za bwana wake, jambo linalotukumbusha mnyang'anyi wa Otranto. Lakini hapa kiti hakikunyang'anywa, kiliachwa wazi. Deni la nyumba hii ni la mwenye wajibu aliyekimbia wajibu wake. Nani aliyelilipa? Miles, mtoto asiye na kosa, anayefia mikononi mwa mlezi wake bustanini. The Innocents haimtaji mdaiwa waziwazi, lakini kutokuwapo kwake kunasikika katika kila chumba.

4. Nyumba isiyo na mrithi: Psycho

Psycho hukumbukwa kwa mauaji ya bafuni, ambayo yenyewe huchukua chini ya dakika moja. Umaarufu wa onyesho hilo umeifunika sehemu ya kwanza ya filamu, ambayo kwa hoja yetu ni muhimu zaidi. Marion Crane anataka kuolewa na Sam. Sam hawezi kumwoa kwa sababu analipa madeni aliyoachiwa na baba yake aliyekufa, na pia anamlipa mke aliyeachana naye. Siku moja tajiri anafika ofisini kwa akina Marion na dola 40,000 taslimu: anamnunulia binti yake nyumba, iwe zawadi ya arusi. Marion anaiba fedha hizo na kutoroka. Tazama ulinganifu huo: mwanamke asiyeweza kupata nyumba wala ndoa, kwa sababu ya madeni ya marehemu, anaiba bei ya nyumba ya bibi arusi mwingine. Kabla hatujaiona nyumba ya Bates juu ya kilima, Hitchcock amekwisha kutuwekea mezani mambo yote ya gothiki: nyumba, urithi, marehemu na deni.

Kisha Marion anafika katika hoteli ndogo ya kando ya barabara iliyoachwa na wasafiri baada ya njia kuu kuhamishwa. Vyumba 12, vyote vitupu. Hitchcock alieleza kwamba alipenda namna hoteli ilivyolala chini na nyumba ilivyosimama wima. Chini ni ulimwengu wa biashara wa Marekani ya wakati ule; juu ni karne iliyopita, iliyokaa dirishani ikitazama. Norman Bates hupanda na kushuka kati ya hizo mbili, nasi baadaye tunajua kwamba hakushuka kamwe kwa ukamilifu. Katika kitanda cha mama yake kuna bonde lenye umbo la mwili. Rebecca aliacha herufi. Bibi Bates ameacha shimo kwenye godoro.

Mwishoni daktari wa magonjwa ya akili anatueleza kila kitu: Norman alimwua mama yake pamoja na mpenzi wa mama, akauiba mwili, akaanza kumsemea, hata nafsi ya mama ikaimeza yake. Wahakiki wengi wameyalaumu maelezo hayo kuwa ni marefu na makavu, yakiua fumbo. Msomaji wa Kiswahili analifahamu tatizo hili. Katika mwaka uleule wa 1960 ilitoka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya ambamo maiti inakutwa mahali pa mizimu, na mpelelezi Bwana Msa anafumbua jambo kwa akili wala si kwa uganga. Kila kazi inayoleta mzuka kisha ikamweleza hukabiliwa na hatari hiyo: maelezo yanaweza kuwa mepesi kuliko hofu iliyotangulia.

Tunadhani Hitchcock aliijua hatari hiyo, ndiyo sababu hakumaliza na daktari. Baada ya maelezo tunapelekwa chumba alimofungiwa Norman. Sauti ya mama inazungumza, Norman anatabasamu, kwa nukta moja fuvu linatokea juu ya uso wake, kisha gari la Marion linavutwa kutoka kinamasini. Daktari amelitaja jina la ugonjwa, lakini hakuulipa mtu yeyote. Fedha zilizama na mwizi wake pasipo mwuaji kujua kwamba zipo. Nyumba haikuungua wala haikubomoka, nayo haina mrithi. Manderley ilipoteketea, mume na mke walibaki wamekumbatiana; hapa hakuna aliyepona akaingia mlangoni na kuwasha taa. Kwa hiyo Psycho inasema jambo gumu kuliko Rebecca: deni lisilotajwa kwa wakati wake hulipwa na wapita njia.

5. Meli bustanini: I Walked with a Zombie

Filamu nne zilizotangulia zinazungumzia dhuluma za nyumba moja moja. Ya tano inapanua swali, nayo inatugusa kwa njia ya pekee kwa sababu ya neno lililomo katika jina lake. Wanaisimu wengi hulihusisha neno zombi na maneno ya Kikongo na ya lugha jirani, kama vile nzambi na zumbi, yenye maana za kiroho. Neno lilivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo, likabadilika huko Haiti, likaja kumaanisha maiti iliyofufuliwa ili itumikishwe bila hiari wala ujira. Kiswahili cha Tanzania kina neno msukule kwa dhana inayokaribiana na hiyo. Maana hiyo haikuzuka bure. Kwa mtu aliyezaliwa katika shamba la miwa, tishio kubwa halikuwa kufa. Lilikuwa kufa kisha kuendelea kufanya kazi.

Hollywood ililichukua neno wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yakiikalia Haiti (1915–1934). Katika White Zombie (1932) tunaona mizombi ikisukuma kinu cha sukari. Mmoja anatumbukia, na wenzake wanaendelea kuzunguka. Onyesho hilo linasema kweli kubwa, lakini filamu inaiacha upesi ili imwokoe bibi arusi wa Kizungu.

Miaka 11 baadaye mtayarishaji Val Lewton wa kampuni ya RKO alipewa jina la filamu kabla ya kisa. Alilitimiza agizo kwa kuichukua Jane Eyre na kuihamishia visiwa vya Karibi. Muuguzi kijana kutoka Kanada, Betsy, anakwenda kisiwa cha San Sebastian kumwuguza Jessica, mke wa Paul Holland, mwenye mashamba ya miwa. Jessica anatembea lakini hasemi wala hahisi. Madaktari wana jina lao la ugonjwa huo. Watu wa kisiwa wana lao. Brontë alimfungia chumbani mwanamke wa Karibi na kumweka Mwingereza mbele ya mlango. Lewton na Tourneur wanamwacha mke Mzungu atembeetembee usiku, na kinachosimama hadharani ni historia.

Katika bustani ya akina Holland ipo sanamu ya Mtakatifu Sebastiano iliyochomwa mishale. Watu wa kisiwa wanaiita Ti-Misery. Zamani ilikuwa mbele ya meli iliyowaleta watumwa. Siku Betsy anapofika, mwendesha gari la farasi, mtu mweusi wa makamo, anamsimulia habari za meli hiyo na za mababu waliofungwa chini yake. Betsy anamjibu kwa furaha kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee hamkemei wala hambishii. Anamkubalia kwa adabu, kwa maneno machache, nasi tunabaki na uzito wa adabu hiyo. Katika filamu hizi tano hakuna mahali ambapo deni la nyumba limetajwa kwa sauti ya chini namna hii na kwa ukamilifu namna hii. Meli imepandwa bustanini. Nyumba yote ya Holland, pamoja na ugomvi wa ndugu wawili juu ya mke mmoja, imesimama juu ya meli hiyo.

Baadaye mwimbaji wa mitaani anaimba aibu ya ukoo wa Holland. Kwanza anaomba radhi kwa kusikika. Usiku ulipoingia anarudi, anamsogelea Betsy hatua kwa hatua na kuumaliza wimbo. Anayejua siri ya nyumba si bwana wala daktari, bali ni mwimbaji. Na mlinzi wa njia ya kwenda kwenye ngoma za usiku, mtu mrefu mwenye macho yasiyopepesa, anaitwa Carrefour, yaani njia panda. Betsy anampita akimwongoza mgonjwa kati ya miwa, pasipo muziki, pakiwa na upepo tu. Hapo hofu ya kungojea imefikia kilele chake.

Hatusemi kwamba filamu hii haina kasoro. Watu weusi wa kisiwa wanajua kila kitu lakini hawatendi mengi. Tunaingia vyumbani mwa akina Holland, hatuingii mwao. Katika mwisho wake Wesley, ndugu yake Paul, anauchomoa mshale kutoka kwa Ti-Misery, anamwua Jessica na kuingia naye baharini. Sauti ya sala inasikika ikimhukumu marehemu kuwa mwanamke mwovu. Tumeisikia hukumu hiyo tayari katika Rebecca: mwanamke aliyekufa amebebeshwa deni la nyumba. Lakini wakati sauti inasema hivyo, kamera inarudi kwenye sanamu yenye mishale. Sauti inamshtaki mke. Picha inaishtaki meli. Mhakiki anayesikiliza tu atatoka na hadithi ya uzinzi. Anayetazama atatoka na historia ya watu waliouzwa.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu hizi tano, zilizotengenezwa katika muda wa miaka 21, zina mhimili mmoja. Rebecca inalijua deni lake lakini inalichoma moto. Gaslight inalilipa, kwa kuwa mnyang'anyi ni mtu mmoja na sheria inaweza kumkamata. The Innocents inamwacha mdaiwa mbali na kumtoza mtoto. Psycho inaliacha bila mrithi wala mlipaji. I Walked with a Zombie, iliyo ndogo kwa gharama na fupi kuliko zote, isiyofika hata dakika 70, inataja deni kubwa kuliko yote, ingawa haithubutu kulilipa.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wa fasihi linganishi. Kwanza, wasilichukulie neno gothiki kuwa orodha ya vifaa, yaani popo, ngazi na radi. Waulize nyumba ni ya nani, ilipatikanaje, na nani amefungiwa chumbani ili wengine wale mezani. Pili, wasiharakishe kumlinganisha mzuka wa filamu hizi na mzimu wa wazee wetu kwa sababu wote wawili ni wafu. Mzimu hutajwa, hukumbukwa na kupewa haki yake katika ukoo. Mzuka wa gothiki ni yule aliyenyimwa kutajwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na huenda ndiyo inayofaa kufundishwa kabla ya nyingine zote.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sinema tulizozichunguza zimeijua dawa hiyo tangu mwanzo, na mara nyingi zimeiogopa. Mtazamaji wa leo anaposhtuka gizani, na ajiulize kama anayemwogopa ni marehemu anayedai, au ni yule aliye hai anayeendelea kukalia mali ya marehemu.